Mkono wa Kinyozi

Machi 4

Fundi viatu alinipigia simu saa nne asubuhi, hata salamu hakunipa. "Mama Giza," alisema, "maisha yako yametupwa nje, yananyeshewa."

Nilijua anasema nini kabla hajamaliza. Duka lake linatazamana na studio ya shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na ndani ya studio ile nimekaa miaka ishirini na sita kwenye chumba cha giza nikisafisha picha. Jina la Mama Giza nilipewa na wateja. Walikuwa wakinisikia nikikohoa nyuma ya pazia, sura hawaijui. Miaka miwili iliyopita shemeji aliniambia dunia imebadilika, watu wana simu, niende nikapumzike. Sikuwa nimechoka.

Nilifika nimelowa mpaka magotini. Kando ya studio, juu ya lundo la maboksi, mashine ya kukuzia picha ilikuwa imelala ubavu kama mlevi. Beseni tatu za dawa zimejaa maji ya mvua. Taa nyekundu, saa ya sekunde, koleo, kamba na vibanio vyake, vyote matopeni. Shemeji alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Shemeji! Si ungeniambia unavitaka? Ningekuwekea kwenye mfuko mzuri."

"Hukuniambia unavitupa."

"Kwani takataka nazo zinatangazwa?" Akacheka, akarudi ndani kukwepa mvua.

Daftari hili nimelinunua njiani nikirudi. Nataka siku ya leo iandikwe. Siku nikimlipa mtu huyu, asitokee wa kuniambia kwamba nilianza mimi.

Machi 5

Safari tatu na toroli la fundi viatu. Mgongo haunitaki.

Machi 9

Nina vyumba viwili: kimoja nalala, kingine nashonea sare za shule. Cherehani nimeihamishia miguuni pa kitanda, na dirisha la chumba cha kushonea nimeliziba kwa blanketi na mifuko myeusi. Lenzi ilikuwa imeota ukungu. Nimeifuta kwa pamba na spiriti, kidogo kidogo, asubuhi nzima.

Kazi ngumu ilikuwa ule mfuko wa ngozi wenye mikunjo, ulio kati ya taa na lenzi. Ulikuwa umechanika sehemu mbili, na mwanga ukivuja pale hakuna picha. Fundi viatu aliutazama kwa muda mrefu. "Hiki ni kiatu tu," alisema, "tofauti yake hakina mguu." Akakishona kwa ngozi laini ya viatu vya watoto na kukipaka gundi nyeusi. Tulijifungia gizani wote wawili, nikawasha mashine, tukatafuta mwanga unaovuja. Hatukuuona.

"Sasa utaifanyia nini?" akauliza.

"Sijui. Sitaki tu alale akijua kitu changu kimeozea kwenye lundo lake."

"Hiyo si kazi, Mama Giza. Hicho ni kinyongo."

Nikamwambia kinyongo nacho kinahitaji vifaa.

Machi 13

Mvua tangu alfajiri. Nimeshona sare sita na nimemchukia wakati wote.

Machi 17

Kilichobaki kukosekana ni kimoja: fremu ndogo ya chuma inayoibana negativu, yaani kipande cha filamu chenye picha, ndani ya mashine. Leo dada amekuja, akaitoa kwenye mkoba, imefungwa kwa kitambaa cha kichwa.

"Shemeji yako alikuwa anaitumia kuzuia mlango usijifunge," alisema.

"Anajua umeichukua?"

"Mlango utajifunga. Atajua."

Alikaa kidogo akizitazama beseni. Alitaka kusema kitu, hakusema. Huyo ndiye dada yangu, mtu wa kutaka kusema. Miaka yote ile alituletea chakula cha mchana studio, sahani moja kwa mumewe pale mbele, sahani moja kwangu nyuma ya pazia. Alijua vizuri nani anafanya nini mle ndani. Na watu walipomsifu mumewe kwa picha nzuri, yeye ndiye aliyeitikia "asanteni." Leo anadhani kipande cha chuma kitafuta asante zote zile. Nimekipokea, maana nakihitaji.

Machi 24

Nimemsikia shemeji redioni. Ukumbi mpya wa mji utafunguliwa mwezi wa tano, na kuta zake zitapambwa kwa picha arobaini za zamani, zote zake. Wanataka picha za karatasi, zilizosafishwa kwa mkono kama zamani, si za mashine ya kompyuta. Mtangazaji akamwuliza siri yake ni nini.

"Mikono yangu," alijibu. "Kila picha nimeisafisha mwenyewe, gizani, moja moja."

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikajichoma. Halafu nikakumbuka kwamba wiki tatu zilizopita alitupa kila kitu, na sasa hana hata koleo. Nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Machi 27

Amekuja. Alileta mkate na kilo ya sukari, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji yangu kipenzi."

"Karibu. Kaa taratibu, kiti hicho kina mguu mbovu."

"Nasikia umevifufua vile vitu."

"Zile takataka?"

"Aa, shemeji, yale yalikuwa maneno ya mvua."

Karatasi na dawa ataleta yeye, mpya. Malipo yapo, hakuyabania. Mimi niliomba kitu kimoja. Chini ya kila picha kutakuwa na kibandiko chenye maelezo. Nikamwomba jina langu liwemo. Imepigwa na fulani, imesafishwa na fulani. Hicho tu.

Akatabasamu. "Shemeji, nani anaandika jina la mpishi kwenye sahani?"

"Na zile nilizopiga mwenyewe?"

"Kamera ya nani? Filamu ya nani? Studio ya nani?" Alinihesabia kwa vidole vitatu, karibu na uso wangu.

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno, mtu mwenye akili angeshtuka. Yeye alinipa mkono na kunishukuru.

Aprili 2

Negativu zimefika, kila moja kwenye bahasha yake. Kati ya arobaini, kumi na moja ni zangu. Nazijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe.

Moja ni ya yule kinyozi aliyekuwa na kibanda pembeni mwa soko. Siku hizi amestaafu, anatembelea mkongojo. Siku ile shemeji alikuwa amelala na homa kali, mimi nikachukua kamera na kutoka nayo peke yangu kwa mara ya kwanza. Kinyozi anamnyoa mteja, nyuma yao kuna kioo, mkasi umeinuliwa, na mteja amefumba macho kama anaombewa dua. Nilibonyeza mara moja tu. Hiyo ndiyo picha bora ya zote arobaini. Sisemi hivyo kwa sababu ni yangu. Haya, nasema pia kwa sababu ni yangu.

Afisa wa mji anayesimamia ukumbi naye ameipenda. Itakuwa kubwa kuliko zote, na itatundikwa mlangoni.

Aprili 8

Picha ya kwanza imetoka. Nilikuwa nimesahau raha yake: karatasi nyeupe ndani ya dawa ya kwanza, kisha jicho, kisha mdomo, kisha mtu mzima anakutazama.

Dawa ya tatu ndiyo inayoikaza picha isife. Ukiitoa mapema hakuna atakayejua. Baada ya miezi michache inaanza kugeuka kahawia, halafu sura inapotea. Nilisimama na koleo mkononi, saa inahesabu, nikauwaza ukuta mzima wa ukumbi ukioza juu ya jina lake. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha nikamwona mama aliyekuwa ndani ya beseni, amembeba mwanawe mgongoni. Yule mama hajanikosea kitu. Nikaiacha dakika zake zote kumi.

Sijasamehe. Natafuta njia isiyomgusa mwingine.

Aprili 9

Picha saba.

Aprili 11

Mbili tu. Umeme ulikatika, nikakaa gizani bila kazi, nikimfikiria.

Aprili 15

Amekuja kuchukua fungu la kwanza. Alizisifu. Halafu akanieleza atakachosema siku ya ufunguzi mbele ya picha ya kinyozi, anafanya mazoezi. Akasimama katikati ya chumba changu na kunyoosha mkono.

"Nilisimama mlangoni kwa kinyozi yule saa nzima, nikisubiri mwanga uuguse mkasi. Saa nzima! Watu walidhani nina wazimu."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hatanii. Ananisimulia mimi, niliyesimama pale, na hakumbuki kwamba ni mimi. Ameusema uongo huu mpaka ameuamini.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yeye ameitembea miaka ishirini na sita na hajafika mwisho wake. Basi nitaifupisha mimi.

Aprili 16

Kila aliyefanya kazi gizani amewahi kufanya kosa hili, na wasio wa kazi hii hawalijui kabisa. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Unaong'aa hutazama taa, uliofifia hutazama karatasi. Ukiigeuza, picha inatoka safi, haina doa, ila kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Kama kuna kibao chenye maandishi utagundua hapo hapo, maana herufi zitasomeka kinyumenyume.

Picha ya kinyozi haina herufi hata moja. Ina watu wawili, kioo na mkasi. Na kinyozi yule ni mashoto. Nilimpiga picha kwa sababu hiyo hasa: kiwiko kimeinuka upande ambao jicho halikukitegemea. Aliyesimama mlangoni siku ile hawezi kusahau.

Nimeigeuza.

Aprili 20

Aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka mwangani, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Hii ndiyo yenyewe, shemeji. Kama siku ile ile."

"Kama siku ile ile," nikamwambia.

Aprili 22

Mwaliko wa kinyozi nimempelekea mwenyewe. Nimemsihi asikose, nikamwambia avae koti.

Aprili 28

Dada amekuja nimpunguzie gauni jipya kiunoni. Alipokuwa amesimama na pini mwili mzima aliniambia, "Utakaa na mimi mstari wa mbele. Nimeshamwambia shemeji yako, na akikataa, mimi siendi."

"Nitakaa wapi, kwenye kiti cha mpishi?"

Alijua ninachosema. "Mdogo wangu," alisema baadaye, "mimi naishi na yule mtu. Wewe ulikuwa unarudi kwako."

Nilikaribia kumwambia. Neno lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza nyuma ya pini nilizobana mdomoni, maana nilimtazama kwenye kioo, amependeza, amejiandaa kuitikia asanteni, na nikaona naye anastahili kuaibika kidogo. Niliandika hapo juu kwamba natafuta njia isiyomgusa mwingine. Sikusema dada ni mwingine.

Mei 3

Niandike yote, nisisahau hata moja.

Ukumbi ulikuwa bado unanuka rangi. Watu walijaa, wengine wamesimama na miavuli inayodondosha maji sakafuni. Chini ya kila picha kibandiko kinasema jina la shemeji, kisha: "Imepigwa na kusafishwa kwa mkono wake mwenyewe." Nilivisoma arobaini vyote. Kila kimoja kilinitia nguvu.

Afisa wa mji alisema maneno yake, kisha shemeji akasimama kando ya picha ya kinyozi. Saa nzima mlangoni. Mwanga kwenye mkasi. Watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi kinyozi akainuka na mkongojo wake, akaenda mpaka mbele ya picha, akaikaribia mpaka pua ikataka kuigusa.

"Huyu si mimi," alisema.

Watu wakacheka. Afisa akamshika bega. "Ni wewe, mzee. Ujana tu ndio umekwenda."

"Sura ni yangu. Mkono si wangu. Mimi ni mashoto tangu nizaliwe, na huyu ananyoa kwa kulia."

"Mzee wetu, umri nao," shemeji akasema kwa upole, akiwageukia watu. "Mimi nilikuwepo. Nilikuona kwa macho yangu. Ulishika mkasi hivi." Akainua mkono wa kulia.

Kinyozi hakubishana. Aligeuka akawatazama wazee waliokaa. "Nusu yenu nimewanyoa mimi. Nani nilimnyoa kwa kulia?"

"Mashoto!" mmoja akaita. "Mashoto huyo!" mwingine akadakia, na wa tatu akasimama kabisa akionyesha kovu sikioni. Ukumbi ukaangua kicheko. Shemeji alicheka nao, kisha akaacha, wenyewe wakaendelea.

Ndipo akaniona. Mtu mjanja hachelewi, nampa haki yake. Alinitazama, akaitazama picha, na nikaona inamwingia. "Imegeuzwa!" akapaza sauti. "Jamani, imegeuzwa tu! Hilo ni kosa la aliyesafisha!"

Afisa aliweka kidole kwenye kibandiko. "Si wewe uliyesafisha?"

"Mimi? Mimi sijawahi kusafisha hata moja! Dawa zile zinanibana kifua. Miaka yote ni yeye, muulizeni yeye!"

Alininyooshea kidole mbele ya mji mzima. Niliomba maandishi madogo chini ya picha akaninyima. Leo kanipa kwa kelele.

"Ni kweli, mama?" afisa akaniuliza.

Nikasimama. "Kweli. Zote arobaini."

"Basi hii moja ulikosea."

"Sikukosea. Nimeigeuza makusudi. Aliyempiga picha kinyozi huyu angeona siku ya kwanza kwamba mkono si wake."

Hapo kicheko kilikufa. Shemeji aliirukia nafasi hiyo. "Mnamsikia? Anataka kusema alipiga yeye! Ana shahidi? Mzee, nani alikupiga picha hii?"

Kinyozi alitikisa kichwa. "Simkumbuki," alisema. "Mkono wangu naukumbuka."

Nilikuwa nimefika mwisho wa hesabu zangu. Bahasha ina mwandiko wangu, lakini bahasha zote zina mwandiko wangu. Lilibaki neno langu na neno lake, na neno lake lina studio.

Dada akasimama.

"Siku hiyo mume wangu alikuwa kitandani," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakanyamaza ili waisikie. "Alikuwa na homa siku tatu, nimemkanda mimi. Mdogo wangu alipita nyumbani kuniomba ufunguo wa kabati ya kamera. Nikampa." Hakumtazama mumewe. "Na si picha hiyo tu. Ziko nyingine. Nilikuwa najua."

Akakaa, nami nikakaa kando yake. Mkono wake ukautafuta mkono wangu pale kwenye kiti, ukaugusa, ukasubiri. Sikuushika. Nilikuwa namtazama shemeji usoni, na sikutaka kukosa hata kidogo.

Mei 4

Nimelala fofofo.

Mei 6

Karani wa ofisi ya mji ameniletea vibandiko vipya nivikague kabla havijabandikwa. Majina yangu yote matatu, arobaini kwenye kusafisha, kumi na moja kwenye kupiga. Nilivisoma kwa sauti. Nikaisafisha upya picha ya kinyozi, upande unaong'aa ukitazama taa, nikampa aondoke nayo. Fundi viatu anasema shemeji hajafungua studio tangu siku ile. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mei 8

Dada amekuja mchana, katikati ya mvua, na begi moja na mto wake wa kulalia.

"Ameniambia nimemvua nguo mbele ya mji," alisema mlangoni. "Ameniambia niende kwa niliyemtetea." Ameolewa miaka thelathini na moja. Alisimama anadondosha maji, akiuliza kwa macho kama aingie.

Nina vyumba viwili, na kimoja kina kitanda na cherehani. Tukaanza kukifungua chumba cha giza. Niliondoa beseni, kamba, taa nyekundu. Nilibandua mifuko myeusi dirishani, yeye akiikunja vizuri mmoja mmoja kama nguo. Mashine ya kukuzia ilitaka watu watatu. Fundi viatu alikuja na turubai, akaichukua akaiweke nyuma ya duka lake, na safari hii hakuwa na mzaha. Alimsalimia dada kwa heshima, akaondoka.

Tulitandika godoro pale mashine ilipokuwa. Chumba bado kinanuka dawa, na harufu hiyo haitoki kwa wiki. Nilimwambia. Akasema amelala miaka yote hiyo na mtu mwenye harufu mbaya zaidi, nikacheka, yeye hakucheka.

Akiwa ameinama kuchukua ncha ya shuka, aliuliza, "Ulipoigeuza ile picha, ulinifikiria?"

Niliikaza shuka upande wangu mpaka hakukuwa na mkunjo.

Nilimfikiria. Nilidhani atanyamaza, na nilitaka anyamaze, ili niwe na haki ya kuwachukia wote wawili. Yeye akasimama. Kanipa jina langu na amelipa kwa nyumba yake, na mkono aliounyoosha siku ile niliuacha mtupu kwa sababu nilikuwa natazama adui.

Sasa yupo chumba cha pili, namsikia akihangaika na dirisha lisilofunga sawasawa. Kesho nitamwomba msamaha. Leo bado nina furaha ya kumshinda shemeji, na sitaki kumwomba kwa uongo.